Siku Hezron Alipoondoka Mara Mbili

Hezron Silwimba alikuwa amepiga picha za pasipoti za watu wasiopungua elfu kumi, na yeye mwenyewe hakuwa na pasipoti.

Kibanda chake kilikuwa Tunduma, nyuma ya soko, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori. Ndani mlikuwa na kigoda kimoja, taa mbili, kioo cha kuchania nywele, na kitambaa cha bluu kilichotundikwa ukutani kwa misumari minne. Mtu akikaa, Hezron alimwambia maneno yale yale aliyomwambia mteja wa kwanza miaka ishirini iliyopita: "Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke, hapa si harusini."

Alikuwa na ugonjwa mmoja: udadisi. Hakumpiga mtu picha kabla hajajua anakwenda wapi, anafuata nini, na huko kuna nini ambacho Songwe nzima hakuna. Mteja akirudi safari, Hezron alimdai kitabu cha pasipoti akione. Alikifungua ukurasa kwa ukurasa, taratibu, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

"Huu muhuri wa wapi?"

"Dubai, mzee."

"Nchi yenye pesa zote zile, na muhuri kiduchu hivi? Hebu nione wa Kongo. Aa! Huu ndio muhuri. Umejaa ukurasa."

Watu walimuuliza kwa nini na yeye asichukue kitabu, akatembea. Jibu lake lilikuwa fupi. "Nikatembee wapi? Zambia naenda kila siku."

Hakuwa anajigamba. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na mstari wenyewe huuoni kwa macho. Nyuma ya kibanda cha Hezron kulikuwa na uchochoro. Unapita kati ya choo cha mtu na ukuta wa ghala, unainama kidogo kwenye kamba ya kuanikia nguo, na ukinyanyua kichwa uko Nakonde. Binamu zake walikuwa huko. Chai yake ya asubuhi ilikuwa huko, kwa mama mmoja anayekaanga vitumbua bila kubania sukari. Hata saa ilikuwa tofauti. Saa moja ya Tunduma ni saa kumi na mbili ya Nakonde, kwa hiyo Hezron alikuwa akiondoka kwake saa moja, anakunywa chai taratibu, anarudi, na kwa hesabu ya Nakonde hata saa moja haijagonga. Alikuwa akifanya hivyo tangu hajaota ndevu. Mguu wake uliijua njia ile kuliko yeye mwenyewe.

Ndipo mwezi wa tano, Brian akapiga simu kutoka Mpika.

Brian ni mtoto wa dada yake. Na huyo dada, Ferista, ndiye mtu aliyemlea Hezron. Mama yao alifariki Hezron akiwa na miaka sita. Ferista alikuwa na kumi na tano, akaacha shule akambeba mdogo wake mgongoni kama wa kumzaa. Baadaye alipata mume, fundi wa reli, mtu wa Mpika. Akaondoka na bulungutu la nguo kichwani, akapitia uchochoro ule ule, akainama kwenye kamba ile ile ya nguo. Hezron alimsindikiza mpaka kwenye kamba. Mwaka huu ilikuwa inatimia miaka thelathini na saba.

"Mjomba," Brian alisema, "mama ana uvimbe tumboni. Daktari bingwa anakuja hapa mara moja kila baada ya miezi mitatu. Safari ijayo ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa saba, na mama yumo kwenye orodha. Ila amegoma."

"Amegoma nini?"

"Kusaini. Anasema hapandi kile kitanda kabla hajakuona. Ongea naye mwenyewe."

Sauti ya Ferista ilikuja nyembamba lakini kali kama zamani. "Danganya wengine, mimi usinidanganye. Kila mwaka unasema mwakani. Nikilala kwenye kitanda cha daktari nisiamke, nitakuwa nimekufa sijaona hata uso mmoja wa kwetu. Utakuja?"

"Nitakuja, dada."

"Sikia tena. Usije kwa uchochoroni. Mimi nilipita pale, ndiyo maana sikuweza kurudi. Baba alipokufa nilipanda basi nije kuzika, wakanishusha njiani, wakaniuliza karatasi. Sina ya huku, sina ya huko. Nililala mahabusu siku mbili, baba akazikwa bila mimi. Wewe upite mlangoni. Unipigie hodi kama mtu, siyo kama mwizi wa kuku. Niapie."

Hezron akaapa, kwa jina la mama yao.

Ikawa zamu yake kuhangaika na karatasi, na alihangaika kwa hamu, maana sasa alikuwa anauona upande wa pili wa kazi yake. Pasipoti ilitaka cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho. Alizaliwa Chitete, nyumbani, juu ya ngozi ya ng'ombe, na waliokuwepo wote walishazikwa. Akapata barua ya serikali ya mtaa, akaapa kwa wakili juu ya wazazi wake waliokufa, akapeleka kitambulisho cha taifa.

"Kwa hiyo bila cheti hiki mimi sijazaliwa?" alimuuliza dada wa dirishani kwenye ofisi ya vyeti.

"Umezaliwa, mzee. Ila hatujaambiwa."

Hezron alilipenda jibu hilo. Alilirudia nyumbani mara tatu mpaka mkewe, Tabita, akamwambia sasa basi.

Siku ya picha alikaa mwenyewe kwenye kigoda. Tabita akashika kamera.

"Kidevu juu, Baba Witness. Masikio yaonekane. Usicheke."

Hapo Hezron akagundua jambo ambalo watu elfu kumi hawakuwahi kumwambia. Ukiambiwa usicheke, kicheko kinakupanda chenyewe. Tabita alibonyeza mara sita.

Vwawa, kwenye ofisi ya uhamiaji, walimbana vidole kwenye kioo, kidole kimoja baada ya kingine. Aliuliza kwa nini vyote kumi, wakati mwizi huiba kwa viwili. Walimuuliza barua ya mwaliko, akatoa ya Brian. Wakamuuliza kazi, akasema napiga picha za pasipoti. Afisa akaitazama picha aliyoleta, akamtazama yeye, akasema: "Angalau hii masikio yanaonekana."

Akachanjwa homa ya manjano, akapewa kadi. Na katikati ya mwezi wa saba kitabu kikatoka. Kilikuwa cha bluu iliyokoza, kinanukia upya. Hezron alikipeleka kibandani, akakifungua ukurasa kwa ukurasa kama alivyofungua vya wengine. Kurasa zote zilikuwa tupu. Akachagua kabisa ukurasa ambao angeomba muhuri wa kwanza ugongwe, ule wa kulia, wenye nafasi nzuri.

Jumatano, siku moja kabla ya daktari, aliamka mapema. Basi la Mpika lilikuwa linaondoka Nakonde saa moja ya kule, yaani saa mbili ya nyumbani, na kabla ya jua kuzama angekuwa mbele ya dada yake. Tabita alimfungia maharage ya Mbozi kilo tano na kahawa ya kusaga. Hezron akapita kibandani kufunga mlango vizuri. Alipotoka, Tabita aliona pembe ya kitambaa cha bluu inachungulia kwenye begi, pamoja na kamera ndogo.

"Hicho cha nini tena?"

Hezron akakitazama kama na yeye anakiona kwa mara ya kwanza. "Sijui. Mkono umechukua tu."

"Nenda salama. Msalimie wifi. Pasipoti unayo?"

Alipigapiga mfuko wa shati. Ilikuwepo. Kadi ya chanjo ilikuwepo. Akaondoka akiwa na furaha na mawazo mengi, anawaza uso wa Ferista utakuwaje, nywele zitakuwa nyeupe kiasi gani, watasalimiana kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, au atakuwa amekisahau. Akanywa chai, akala vitumbua viwili, akamuaga mama wa vitumbua kwamba leo anaenda mbali. Akapanda basi, akakaa dirishani.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Walikuwa hawajafika Tunduma, wangesema zaidi.

Jirani yake kwenye basi alikuwa mama wa biashara, Marita, mnene, mcheshi, mwenye magunia mawili ya mchele wa Kamsamba kwenye buti la basi na mfuko mwingine mapajani. Alikuwa Mtanzania wa Mpemba, mji mdogo jirani na Tunduma, na njia hii alikuwa anaipita kila wiki mbili. Hezron akaanza kazi yake. Mchele huu unauza wapi? Mpika wanakula wali au nsima tu, ule ugali wao? Mlima ule unaitwaje? Kwa nini nyumba za huku zina rangi mpaka nusu ya ukuta?

"Kaka, wewe ni mwandishi wa habari?"

"Mpiga picha. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi."

"Hongera. Nionyeshe kitabu basi, maana wageni wote lazima waonyeshe kitabu."

Hezron hakusubiri kuombwa mara mbili. Akatoa pasipoti, akafungua ule ukurasa wa kulia ili amwonyeshe muhuri wake wa kwanza.

Ukurasa ulikuwa mweupe.

Akafungua wa kushoto. Mweupe. Akarudi mwanzo, akapekua mpaka mwisho, na wakati anapekua alikuwa tayari anajua, ila mkono ulikataa kusimama. Aliona kamba ya nguo. Aliona jinsi alivyoinama asubuhi ile, begi begani, pasipoti mfukoni, akainua kichwa akaagiza chai.

"Mama yangu," alisema.

"Nini?"

"Nimepita uchochoroni."

Marita alimtazama, akakitazama kitabu, kisha akaanza kucheka kwa tumbo lote mpaka mfuko wa mchele ukaruka mapajani. "Umetengeneza pasipoti miezi miwili ili upite uchochoroni? Kaka yangu, wewe ni Mtunduma wa asili!"

"Usicheke."

"Siwezi!"

Alipomaliza akafuta machozi, akawa mtu wa shauri. Mbele, kabla ya kufika Isoka, kulikuwa na kizuizi. Maafisa huingia kwenye basi. Aliinama karibu na sikio la Hezron.

"Sikiliza. Lete hicho kitabu nikitie humu kwenye mchele. Wewe sema unatoka Nakonde. Mnamwanga ni Mnamwanga, nani atajua? Salimia kwa Kibemba, sema *mulishani mukwai*, utabasamu. Wakitaka kitambulisho, sema umesahau nyumbani. Mzee mwenye mvi hawamshushi."

Hezron akafikiri, na kwa tabia yake hakufikiri kwa hofu tu, alifikiri kwa udadisi. Lilikuwa jambo la ajabu. Bila kitabu, yeye ni mzee wa Kinamwanga anayemfuata dada yake, na njia iko wazi. Akiwa na kitabu, ni mhalifu, na ushahidi ameutengeneza mwenyewe, na picha kajipigia mwenyewe. Alama kumi za vidole vyake ziko humo. Kile alichokitafuta kimfungulie mlango ndicho kitu pekee kwenye basi zima kilichoweza kumfunga.

Na mpango wa Marita ulikuwa mzuri. Ungemfikisha Mpika kabla ya jua kuzama. Ferista angemwona, angesaini, asubuhi angeingia kwa daktari. Kugeuka ilikuwa kamari. Daktari alikuwa na siku moja tu. Akikosa Alhamisi, ni miezi mitatu, na uvimbe hausubiri ratiba ya mtu.

Lakini swali la kwanza la Ferista alilijua. Si "hujambo", si "watoto wazima". Angeuliza: umepitia wapi? Na Hezron alikuwa na kipaji cha kusema ukweli hata usipohitajika, kuongopa hakujui. Angesema uchochoroni. Na yule mwanamke aliyemjua, aliyekosa kumzika baba yake, angegeuza uso ukutani, na ile kalamu asiishike. Wakimshusha kizuizini, napo ndiyo basi kabisa: historia ingerudi vile vile, ndugu mmoja yuko mahabusu, mwingine yuko kitandani.

"Dereva! Nishushe!"

Utingo alikuja akiyumba kati ya viti, akamwita mzee kwa lugha ya huko. "Mudala, hapa ni porini."

"Nishushe hapo hapo porini."

"Umesahau sufuria kwenye moto? Nauli hairudi."

"Kaa nayo."

Marita alimshika mkono. "Kaka, una kichaa?"

"Nina dada," Hezron alisema. "Ukifika Mpika, nenda hospitali, umtafute Brian. Mwambie nakuja. Mwambie mama yake asubiri, nimerudi kupita mlangoni. Atajua maana yake." Alikuwa amejaribu simu, mtandao haukuwepo.

Alisimama upande wa pili wa barabara na begi lake, vumbi la basi likimshukia. Alipungia malori saba. La nane likasimama.

Alifika Nakonde saa sita ya kule. Hapo akakutana na fumbo lingine, akasimama katikati ya stendi analitafakari, maana aliona ni tamu licha ya shida. Arudi Tanzania kwa njia gani? Mlangoni watamuuliza muhuri wa kuingia Zambia, na hajaingia. Hawezi kutoka mahali ambapo hajaingia. Kwa hiyo ili apite mlangoni, ilimbidi kwanza arudi kwa uchochoroni. Akainama kwenye kamba. Siku hiyo ilikuwa na mashuka.

Tabita alimkuta amesimama mbele ya kibanda, mwekundu kwa vumbi.

"Baba Witness! Umerudi? Wifi amekufa?"

"Sijaondoka bado," alisema Hezron, akapita.

Safari hii alifuata barabara kubwa, ile ya malori, mpaka kwenye jengo la pamoja, ambamo nchi mbili zimekaa chini ya paa moja. Kila hatua ilikuwa ngeni. Miaka yote ile alikuwa anaishi umbali wa kutupa jiwe, na hajawahi kuona ndani kukoje. Kulikuwa na foleni, na foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake familia ya Wakongo yenye watoto watano, nyuma yake dereva wa lori aitwaye Jonasi, mtu wa Igamba, anayepeleka saruji Ndola. Hezron aliuliza kila kitu. Kwa nini dirisha la afya ni la kwanza? Mihuri inafungiwa wapi usiku? Wino ni wa rangi gani? Jonasi, aliyezoea kukaa kimya na usukani wake, alijikuta ameeleza mpaka mambo ya mkwe wake. Lori lake lilikuwa limeshakaguliwa, alikuwa anasubiri muhuri tu.

Kwenye dirisha la afya wakatazama kadi ya chanjo, wakasema sawa. Kwenye dirisha la uhamiaji la Tanzania alikuwa amekaa kijana aitwaye Gasper. Hezron alimjua. Alimpiga picha wakati anaomba kazi.

"Mzee Silwimba! Leo umekuja upande huu? Tazama kamera. Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke."

Hezron akacheka. Gasper akasubiri, akapiga tena.

"Unaenda wapi?"

"Mpika, kwa dada yangu. Anapasuliwa kesho asubuhi."

"Unaondoka leo?"

Hapo mtu mwenye akili angesema ndiyo. "Nimeshaondoka asubuhi," Hezron alisema. "Nimerudi ili niondoke."

Kalamu ya Gasper ilisimama. Nyuma, Jonasi alikohoa. Hezron akaeleza yote, kamba ya nguo, vitumbua, basi, ukurasa mweupe, hakuacha hata mchele.

"Mzee wangu," Gasper alisema kwa sauti ya chini lakini bila utani, "unajua ungefika kizuizini leo ungelala ndani, kesho mahakamani, na kitabu hiki kinaingia doa? Wewe unayewahudumia wasafiri wote wa mji huu? Uchochoro si mlango."

"Ndiyo maneno ya dada yangu."

"Dada yako ana akili kukuzidi. Isiwe mara ya pili. Hata chai."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Hilo lilimuuma Hezron kuliko yote ya siku ile, lakini akaitikia. Kisha akasogeza mdomo karibu na tundu la kioo. "Gasper mwanangu, unaweza kuugonga ukurasa wa kulia? Huu hapa."

Muhuri ukashuka. Sauti yake haikuwa kubwa kama alivyodhani. Ilikuwa kama mtu anayefunga kopo. Dirisha la pili, mama wa Zambia alimuuliza atakaa siku ngapi. "Mpaka dada apone," Hezron akajibu. Mama akatabasamu, akaandika thelathini, akagonga wake pembeni ya ule wa kwanza. Hezron aliupuliza wino ukauke, ingawa ulikuwa umeshakauka.

Ilikuwa saa kumi ya Tunduma. Basi lililobaki lilikuwa la kesho.

"Panda," Jonasi akamwambia nje. "Ila usiniulize swali hata moja mpaka Chinsali."

Hezron alivumilia kilomita kumi.

Kizuizini, afisa alimulika kitabu, akaona mihuri miwili, akarudisha kwa heshima. "Safari njema, mudala." Hezron alitaka kumweleza kwamba asubuhi alikaribia kufika hapo akiwa mtu mwingine. Jonasi akakanyaga mafuta.

Walilala Chinsali kwenye maegesho ya malori, na alfajiri wakaondoka tena. Lori lilikuwa zito, milima ilikuwa mingi. Kila mara Hezron alitazama saa yake ya mkononi. Daktari alikuwa anaanza saa mbili. Walipoingia Mpika saa yake ilionyesha saa mbili kasoro dakika tano, na hospitali bado ilikuwa mwisho wa mji.

"Nimechelewa," alisema.

"Hiyo ni saa ya wapi?" Jonasi akauliza.

Hezron akaitazama. Ilikuwa saa ya Tunduma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amesahau. Mpaka ule ule uliomlia mchana mzima ulikuwa umemrudishia saa moja.

Brian alimpokea getini, mrefu, macho mekundu. "Yule mama wa mchele alikuja jana jioni. Mama alimsikiliza. Alilala tu. Asubuhi amevalishwa nguo za upasuaji, kalamu iko mezani, hajaigusa."

Ferista alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, nywele zote nyeupe. Lakini macho yalikuwa yale yale. Hezron alisimama mlangoni pa wodi. Hakuingia. Aligonga ubao wa mlango mara mbili.

"Hodi."

"Nani?"

"Danganya wengine," alisema Hezron, akimrudishia maneno yake ya kwenye simu.

"Umepitia wapi?"

"Mlangoni."

"Lete nione."

Aliingia, akampa kitabu. Ferista alikifungua ukurasa wa kulia bila kuelekezwa. Akapitisha kidole juu ya muhuri wa kwanza, halafu wa pili, taratibu, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Udadisi ule Hezron hakuuokota njiani.

"Huu wa kutoka. Huu wa kuingia." Akainua macho. "Mbona umefika leo, ulitakiwa jana?"

"Jana nilipita uchochoroni kwanza. Mguu ulikwenda wenyewe. Nikarudi."

Ferista alianza kucheka, akashika tumbo, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. Muuguzi akaja mbio. "Mama Brian! Utajipasua kabla ya daktari!"

"Mwache," Ferista alisema. "Huyu nimemlea mimi. Lete kalamu."

Akasaini. Aliandika jina lote, Ferista Silwimba, la kwao, herufi moja moja. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na mimi nataka kitabu. Nataka nije nione kaburi la baba, nipite mlangoni mchana kweupe. Inawezekana?"

"Sijui. Itabidi tuulize. Una karatasi gani?"

"Sina hata moja."

"Basi tunaanza na picha."

Akafungua begi, akatoa kitambaa cha bluu. Brian akashika pembe moja, muuguzi akashika nyingine huku akisema dakika moja tu, wazee, daktari ananawa mikono. Kitambaa kikatanda nyuma ya kitanda. Hezron akainua kamera.

"Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke."

Picha ya kwanza iliharibika kwa kicheko. Hakuifuta. Akapiga ya pili, nayo ikatoka inavyotakiwa: uso mkavu, masikio mawili, bluu nyuma. Machela ikaletwa.